John Harrison: Seremala wa saa za mbao aliyesubiri malipo miaka 40

SEREMALA yeyote wa Kahama au Geita anajua hasara ya mbao mbichi. Mlango wa mninga uliotengenezwa kabla mbao hazijakauka hupinda kiangazi kikifika, na mteja huurudisha.

Kama mlango unapinda, saa ya mbao ingewezaje kwenda sawa? Seremala Mwingereza, John Harrison, alilijibu swali hilo zaidi ya miaka 300 iliyopita, na saa yake mojawapo inatembea hadi leo.

Harrison alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, Yorkshire. Akiwa mtoto, familia yake ilihamia Barrow upon Humber, Lincolnshire. Baba yake alikuwa seremala, naye akairithi kazi hiyo. Hakusoma chuo chochote.

Mwaka 1713, akiwa na umri wa miaka 20, alikamilisha saa yake ya kwanza ndefu ya kusimama. Magurudumu yake yalikuwa ya mbao za mwaloni, kwani mbao ndiyo malighafi aliyoijua.

Siri ilikuwa katika kuunganisha. Gurudumu likichongwa lote kutoka ubao mmoja, baadhi ya meno hukata nyuzi za mbao na huvunjika upesi. Harrison alichonga meno katika vipande vya pembeni, akavibandika kwa gundi kwenye mfereji wa ukingo wa gurudumu, nyuzi zikielekea nje. Kila jino likawa imara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1720 alipata kazi ya kutengeneza saa ya mnara katika shamba kubwa la Brocklesby Park. Tatizo la saa zote za wakati huo lilikuwa mafuta ya kulainishia, ambayo yaliganda kwa baridi na kushika vumbi. Harrison aliyaondoa kabisa. Sehemu zinazosuguana alizitengeneza kwa lignum vitae, mti mgumu wa nchi za joto za Amerika wenye mafuta yake wenyewe ndani. Saa hiyo bado inafanya kazi.

Akishirikiana na mdogo wake James, alishughulikia pia pendulumu, ambayo hurefuka wakati wa joto na kuichelewesha saa. Alipanga fito tisa za chuma na shaba ya njano kwa kupishana, kurefuka kwa chuma kukafutwa na kurefuka kwa shaba.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuirekebisha saa. Usiku alitazama nyota zikipotea nyuma ya bomba la moshi la jirani. Nyota huwahi takriban dakika 3 na sekunde 56 kila siku, hivyo alikuwa na kipimo kisichodanganya. Saa zake zilikosea sekunde moja tu kwa mwezi.

Tuzo ya paundi 20,000

Mwaka 1707 meli za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly na mabaharia zaidi ya 1,000 wakafa, kwa kuwa manahodha hawakujua walipo. Mwaka 1714 Bunge lilitangaza tuzo ya hadi paundi 20,000 kwa atakayeweza kupima longitudo baharini.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Nahodha akijua saa ya nyumbani na saa ya mahali alipo, anajua amesafiri umbali gani mashariki au magharibi. Kilichokosekana ni saa ya kuhimili mawimbi na joto.

Saa ya kwanza ya bahari ya Harrison, iliyokuwa bado na magurudumu ya mbao, ilijaribiwa hadi Lisbon mwaka 1736. Mwaka uliofuata Bodi ya Longitudo ilianza kumpa fedha za kuendeleza kazi. Ya tatu ilimla miaka 19.

Ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ilikuwa na kipenyo cha sentimita 13 tu. Ndani yake alitumia vipande vya almasi mahali penye msuguano mkubwa. Wakazi wa Shinyanga, ambako almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, wataelewa: kipande kidogo mikononi mwa fundi kilifanya kazi ambayo jiwe ghafi lisingeifanya.

Mwanawe William aliipeleka Jamaica mwaka 1761. Ilipofika ilikuwa imechelewa sekunde 5. Bodi, iliyokuwa na wanajimu waliotegemea njia ya kupima mwezi, iliona ni bahati. Safari ya Barbados ya mwaka 1764 ilitoa kosa la sekunde 39, wakati kiwango kilichotakiwa kilikuwa dakika mbili.

Hata hivyo, mwaka 1765 alipewa nusu tu ya fedha, paundi 10,000, baada ya kulazimishwa kueleza siri zote za saa yake na kuzikabidhi saa zenyewe. Alitengeneza nyingine. Mfalme George III aliijaribu mwenyewe mwaka 1772, na mwaka 1773 Bunge likamlipa paundi 8,750. Alikuwa na umri wa miaka 80. Alifariki London mwaka 1776.

Kwa mafundi wa Kanda ya Ziwa kuna mafunzo mawili. Kwanza, faida ya mbao au almasi hukua pale ujuzi unapoongezwa, si pale gogo au jiwe linapopakiwa kwenye lori. Pili, ubora peke yake haulipi. Masharti ya malipo yaandikwe na kufungwa kabla kazi haijaanza, kwani mnunuzi mwenye nguvu anaweza kuyabadili baada ya kuipokea.