Nyumba ya Komodori Decatur

Katika mji wa Washington, hatua chache kutoka Ikulu ya Marekani, ipo nyumba ya matofali yenye ghorofa tatu, nje haina madoido mengi. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za mwanamaji aliyeijenga.

Stephen Decatur alizaliwa Maryland mwaka 1779. Mwezi Februari 1804 aliingia usiku katika bandari ya Tripoli pamoja na kikosi kidogo, akaitia moto manowari Philadelphia iliyokuwa imetekwa, akatoka salama wala hakuna mtu wake aliyeuawa. Mwaka 1812 aliiteka manowari ya Kiingereza Macedonian. Siku zile sheria iliwapa wanamaji sehemu ya thamani ya merikebu walizoteka, na kwa ngawira hiyo Decatur alipata uwezo wa kujenga.

Msanifu alikuwa Benjamin Latrobe, ambaye alipata kusimamia ujenzi wa Bunge. Kumbi za wageni aliziweka ghorofani, kwani mwenyeji alikusudia karamu kubwa kubwa. Decatur na mkewe Susan waliingia mwanzoni mwa 1819. Wakakaa pamoja miezi 14 tu.

Kulikuwa na ugomvi wa zamani. Mwaka 1807 James Barron, aliyemtangulia kazini, aliisalimisha manowari Chesapeake kwa Waingereza. Mahakama ya kijeshi, ambayo Decatur alikuwa mjumbe wake, ilimsimamisha Barron kazi kwa miaka 5. Baadaye alipotaka kurudishwa, Decatur, sasa mmoja wa makamishna wa jeshi la majini, alipinga. Kwa maoni yetu alikuwa na haki ya kupinga. Kosa lake ni kukubali kuyamaliza mambo ya kazi kwa bastola. Tarehe 22 Machi 1820, huko Bladensburg, walisimama kwa umbali wa hatua 8 wakafyatuliana risasi. Wote wawili waliumia. Barron alipona, akaishi hata 1851. Decatur alirudishwa katika nyumba ile ile, akafa usiku ule, naye ana miaka 41.

Mjane, akibanwa na fedha, aliipangisha kwa mabalozi na wakuu wa serikali, miongoni mwao Henry Clay na Martin Van Buren. Mwaka 1836 aliiuza kwa John Gadsby, tajiri wa hoteli, aliyewaweka watumwa wake katika jengo la ubavuni. Jengo hilo nalo lingaliko.