Fitzgerald, mwana wa Saint Paul aliyetunga kisa cha Benjamin Button

Filamu ya The Curious Case of Benjamin Button, iliyoongozwa na David Fincher na kutolewa mwaka 2008, ina mapenzi ya ajabu. Mtu anazaliwa mzee mwenye makunyanzi, na kila mwaka anazidi kuwa kijana. Mwanamke anayempenda anazeeka kama kawaida, hivyo umri wao unalingana kwa muda mfupi tu. Kisa hicho asili yake ni cha Francis Scott Fitzgerald, mzaliwa wa Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota. Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha yake.

Fitzgerald alizaliwa tarehe 24 Septemba 1896. Ukoo wa mama yake ulitajirika kwa biashara ya vyakula, lakini baba yake alishindwa katika biashara ya fanicha, na mwaka 1908 akaachishwa kazi ya uuzaji bidhaa. Kijana akakulia miongoni mwa matajiri bila ya kuwa tajiri, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1918, akiwa jeshini huko Alabama, alimpenda Zelda Sayre, binti wa jaji. Mwaka uliofuata Zelda alivunja uchumba, kwa vile mchumba wake hakuwa na kipato cha kutosha. Fitzgerald aliacha kazi New York, akarudi kwa wazazi wake katika barabara ya Summit Avenue, Saint Paul, akajifungia ghorofa ya juu kuiandika upya riwaya iliyokwisha kukataliwa. Safari hii ikakubaliwa. Ilitoka tarehe 26 Machi 1920, na tarehe 3 Aprili wakafunga ndoa. Binti yao wa pekee alizaliwa Saint Paul mwaka 1921. Kisa cha Benjamin Button kilichapishwa Mei 1922 katika jarida la Collier's.

Anayekisoma baada ya kuona filamu atashangaa. Ni kichekesho kikavu: Benjamin anamchoka mkewe kwa kuwa amezeeka. Filamu imebadili hayo, na kwa maoni yetu imefanya vyema. Brad Pitt anaigiza kwa utulivu, macho ya mtoto katika uso wa kizee. Cate Blanchett anamchukua Daisy tangu ujana wake wa kucheza dansi hadi kitanda cha mauti. Taraji P. Henson, mama mlezi anayemwokota mtoto huyo, ndiye anayeitia filamu joto. Ilipendekezwa kwa tuzo 13 za Oscar ikapata 3, hakuna hata moja ya uigizaji.

Huruma iliyokosekana katika kisa ilikuja katika maisha ya mtunzi. Mwaka 1930 Zelda alipatwa na maradhi ya akili, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini. Riwaya ya The Great Gatsby ya mwaka 1925, inayosomwa leo duniani kote, haikumtajirisha Fitzgerald. Mwaka 1937 alikwenda Hollywood kuandika filamu kwa dola 1,000 kwa wiki, alipe madeni, matibabu ya mkewe na karo ya binti yao. Hakuwa malaika: pombe ilimtawala, na huko alikuwa na mwanamke mwingine. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 21 Desemba 1940, akiwa na umri wa miaka 44. Zelda alikufa mwaka 1948 hospitali aliyolazwa ilipoungua.

Mwishoni mwa filamu, Daisy anamlea Benjamin aliyegeuka mtoto mchanga asiyemtambua tena. Fitzgerald hakuandika tukio hilo, lakini kwa miaka 10 alibeba gharama za mke ambaye hakuweza tena kuishi naye.