Otto von Guericke, Meya wa Magdeburg

Kila mwanafunzi aliyesoma habari za mgandamizo wa hewa amesikia jina la Magdeburg, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Elbe. Muhula huu tulipofundishwa habari za mabakuli mawili ya shaba na farasi 16, nilitamani kumjua mtu aliyebuni jambo lile. Nikapata kwamba hakuwa mwalimu wa chuo, bali alikuwa meya, na miaka yake mingi aliitumia kuupigania mji wake.

Otto alizaliwa Magdeburg mwaka 1602 katika jamaa yenye mali. Alisoma Leipzig, Helmstedt na Jena, kisha Leiden katika Uholanzi, ambako alijifunza hesabu na ujenzi wa ngome. Mwaka 1626 aliingia katika baraza la mji.

Wakati huo Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimekwisha anza. Magdeburg ulikuwa mji wa Waprotestanti, nao ulikataa kulitii jeshi la Kaisari. Mwaka 1631 jemadari Tilly akauzingira. Nje ya kuta palikuwa na miji midogo miwili, Neustadt upande wa kaskazini na Sudenburg upande wa kusini. Walinzi wa Magdeburg waliibomoa na kuichoma ili adui asipate pa kujificha. Haikufaa kitu. Mwezi wa Mei askari waliingia, wakaua na kupora, na moto ukaula mji. Watu wapatao 20,000 walikufa. Wakazi walipohesabiwa mwaka uliofuata walikuwa 449 tu. Wasomaji wapendwa, hao ni wachache kuliko sisi tunaosimama mstarini kila asubuhi!

Otto alipoteza mali yake, akatekwa pamoja na jamaa yake, kisha akakombolewa kwa fedha. Aliporudi mwaka 1632 alichora ramani ya kuujenga mji upya, wenye njia pana. Lakini watu walikuwa maskini, na sehemu kubwa ya mpango ule ikabaki katika karatasi.

Mwaka 1646 akawa meya. Alisafiri mara nyingi kwenda katika mikutano ya wakuu, akidai Magdeburg uwe mji huru, usio na bwana ila Kaisari mwenyewe. Katika safari za namna hiyo alifika Regensburg mwaka 1654, na huko akamwonyesha Kaisari Ferdinand III pampu yake ya kutoa hewa. Baadaye akafanya lile jaribio la mabakuli. Aliyaunganisha, akatoa hewa iliyokuwamo, na hewa ya nje ikayabana hata farasi wanane upande huu na wanane upande huu wakashindwa kuyaachanisha, au waliyaachanisha kwa shida kubwa. Hewa ikirudishwa ndani, mikono ya mtu ilitosha.

Wakuu walistaajabu, lakini uhuru hawakuutoa. Mwaka 1666 Magdeburg ulilazimishwa kupokea askari wa Brandenburg na kumwapia mtawala wao utii. Mwaka ule ule Kaisari Leopold alimpandisha Otto daraja ya makabaila. Mimi naiona kuwa zawadi chungu.

Mwaka 1681, kwa hofu ya tauni, alihamia Hamburg kwa mwanawe, akafa huko mwaka 1686. Sudenburg na Neustadt zilijengwa tena, lakini hazikutiwa ndani ya Magdeburg mpaka mwaka 1867 na mwaka 1886. Leo ni mitaa ya mji, na chuo kikuu cha Magdeburg kinaitwa kwa jina la Otto.