Paul Ehrlich: Aliyeitafutia Dawa Shabaha

Mwanafunzi, kabla hujasoma jinsi chembe za nano zinavyotumika kutambua seli za saratani, mfahamu kwanza Paul Ehrlich. Wazo lake ndilo msingi wa kazi hiyo.

Ehrlich alizaliwa mwaka 1854 mjini Strehlen, Prussia. Leo mji huo uko Poland. Alipokuwa akisomea udaktari alivutiwa na rangi za viwandani. Alizitia kwenye tishu, akatazama kwa hadubini, akaona kila rangi inashika sehemu fulani na kuziacha nyingine. Akawaza kwamba kama rangi huchagua, dawa nayo ingeweza kufuata ugonjwa bila kuudhuru mwili.

Mwaka 1882 aliboresha njia ya kutia rangi bakteria wa kifua kikuu. Miaka michache baadaye bakteria haohao walionekana katika makohozi yake mwenyewe. Alikwenda Misri kutafuta nafuu, akapona, akarudi kazini. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Mechnikov kwa kazi yao kuhusu kinga ya mwili.

Mwaka 1909 msaidizi wake Mjapani, Sahachiro Hata, aliipima upya kemikali namba 606. Iliua vimelea vya kaswende katika sungura, na mwaka 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Hata hivyo, ilikuwa na aseniki. Iliwasaidia wengi lakini iliwadhuru baadhi, na Ehrlich akalaumiwa. Alichunguza pia saratani katika panya bila kupata tiba. Alifariki mwaka 1915.

Sasa unganisha na somo lako. Chembe ya nano huwa na upana wa nanomita 1 hadi 100. Wanasayansi huipachika kingamwili inayoshikana na protini iliyo nyingi juu ya seli za saratani, kama HER2 katika baadhi ya saratani za matiti. Chembe ikiwa ya oksidi ya chuma, huonekana kwenye picha za MRI.

Zingatia: shabaha hiyo si kamili. Seli zenye afya nazo huwa na HER2 kidogo, na chembe nyingi hunaswa na ini.

Maswali
1. Rangi zilimfundisha Ehrlich nini?
2. Eleza kazi ya kingamwili kwenye chembe ya nano.
3. Kwa nini Salvarsan haikutimiza kikamilifu wazo la Ehrlich?