Jemadari Aliyevuka Ruvuma



Kama unakaa Newala, Tandahimba, Masasi au kando ya mto Ruvuma, huenda umewahi kusikia wazee wakitaja vita vya Wadachi. Wadachi ni Wajerumani. Vita hivyo vilifika kwetu kusini mwaka 1916 na 1917. Wakati huo bandari ya Mtwara ilikuwa haijajengwa. Mji wa pwani ulikuwa Mikindani, na boma la Wajerumani lilikuwa pale.

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika vita hivyo. Jina lake ni Paul von Lettow-Vorbeck. Kwao alisifiwa kuwa shujaa asiyeshindwa. Lakini katika sifa hizo kuna jambo lililofichwa, nalo linakuhusu wewe, kwa sababu lilitendeka katika mashamba ya babu zako.

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870, katika mji wa Saarlouis. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye akafuata kazi ya baba. Mwaka 1900 alipelekwa China, ambako mataifa ya Ulaya yalikwenda kuzima uasi. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini Magharibi. Siku hizi nchi hiyo inaitwa Namibia.

Tusimame hapa kidogo. Huko Namibia watu wa kabila la Waherero walikuwa wameinuka kupinga kunyang'anywa ardhi na ng'ombe wao. Jemadari wa Wajerumani, Lothar von Trotha, aliwapiga mahali paitwapo Waterberg, mwezi Agosti 1904. Kisha akawasukuma jangwani pamoja na wake na watoto wao, na askari wake wakalinda visima. Tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana katika nchi ile apigwe risasi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kiu. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kuangamiza taifa.

Lettow-Vorbeck hakuwa mtoa amri. Lakini alikuwa ofisa katika makao ya von Trotha, na aliyaona mambo yalivyokwenda. Alijifunza huko kwamba njaa na kiu vinaweza kufanya kazi ya bunduki. Mwaka 1906 alijeruhiwa jicho la kushoto, akaondoka.

Januari 1914 alifika Dar es Salaam kuwa mkuu wa jeshi la Wajerumani katika nchi yetu. Alikuta nchi ya kusini ina makovu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905, na Wajerumani walivizima kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula. Waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wanasema walizidi sana hapo. Kuna mahali palipokuwa na vijiji, pakawa pori, na tembo na nguruwe wakahamia. Watu waliobaki walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kulima na kujenga upya. Kwao dunia ilikuwa imekwisha mara moja, na sasa ilikuwa inakuja kwisha mara ya pili.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya mwezi Agosti 1914. Gavana wa Wajerumani hapa, Heinrich Schnee, hakutaka vita viingie katika koloni. Lettow-Vorbeck alitaka. Alijua kwamba hawezi kuwashinda Waingereza. Hesabu yake ilikuwa nyingine. Alitaka kuwashughulisha askari wengi wa Waingereza huku Afrika, ili wasiende kupigana na ndugu zake Ulaya. Basi kwa faida ya Ujerumani, nchi yetu ikafanywa uwanja wa vita. Hakuna Mmakonde, Mmakua, Mwera wala Myao aliyeulizwa.

Alianza na askari Waafrika wapatao 2,500, na Wajerumani wachache. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi kubwa kutoka India, akawapiga, wakarudi merikebuni. Ushindi huo ulimpa jina. Lakini mwaka 1916 alikuja Jemadari Jan Smuts na majeshi kutoka Afrika Kusini na kwingineko. Lettow-Vorbeck akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, akielekea kusini.

Sasa tuzungumze juu ya wapagazi. Katika vitabu vingi vya vita hivi wanatajwa kwa mstari mmoja tu. Sisi tutawapa nafasi.

Nchi ilikuwa na barabara chache, na mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe. Kwa hiyo kila kitu kilibebwa kichwani: risasi, mahema, dawa, vipande vya mizinga, chakula, hata viti vya maofisa. Mwezi Machi 1916 meli ya Wajerumani iitwayo Marie ilipenya ikaingia ghuba ya Sudi, hapa jirani. Ilileta mizinga, risasi, dawa na nguo. Maelfu ya watu walikusanywa kuibeba shehena hiyo kwa miguu, kwenda kaskazini. Wazungu wameandika sana juu ya ushujaa wa nahodha wa meli ile. Je, waliobeba?

Fanya hesabu hii. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Kama mzigo wake ni unga, naye anakula kilo moja kila siku, baada ya siku 25 mzigo wote ameumaliza yeye peke yake. Hapo askari hajaonja kitu, na mpagazi hana chakula cha kurudia kwao. Unaona? Jeshi la namna hiyo haliwezi kujilisha kwa mizigo yake. Lazima lile chakula cha kijiji linamopita. Lilikula mtama, mahindi na muhogo uliokuwa shambani. Lilichukua kuku na mbuzi. Lilichukua mbegu. Kisha lilipoondoka liliwachukua wanaume wabebe mizigo, na mashamba yakabaki bila wa kulima. Tena halikupenda kumwachia adui chakula nyuma yake.

Mpagazi alipougua kuhara au homa ya mapafu, mara nyingi aliachwa njiani. Wengi walitoroka usiku. Ndiyo maana wengine walifungwa kamba wakitembea, ili wasikimbie.

Haki itendeke: Waingereza hawakuwa bora. Nao waliwakusanya watu kwa nguvu kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Hata hivyo Waingereza waliandika angalau sehemu ya vifo vya wapagazi wao. Kwa upande wa Wajerumani hesabu kamili ya wapagazi waliokufa haipo. Lettow-Vorbeck alijua idadi ya bunduki zake na risasi zake. Wapagazi waliokufa hakuwahesabu.

Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliteka Mikindani na Lindi. Upande wa pili wa Ruvuma walikuwako Wareno. Wareno walivuka, na mwezi Oktoba 1916 wakaingia Newala, na baada ya mwezi mmoja Wajerumani wakawafukuza. Mtu wa Newala aliweza kuona bendera tatu katika muda wa miezi kumi na minne, na kila bendera ilitaka chakula chake.

Mapigano makubwa yalikuwa Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Upande wa Waingereza walikuwako askari wengi kutoka Nigeria. Upande wa Wajerumani walikuwako askari wa makabila ya nchi hii. Watu hao hawakuwa na ugomvi wowote baina yao. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na kujeruhiwa. Lettow-Vorbeck aliitwa mshindi, lakini naye alipoteza watu ambao hakuweza tena kuwapata, na risasi zilikuwa zinakwisha.

Akapanda uwanda wa juu wa Makonde. Wewe unayekaa huko unajua shida ya maji ilivyokuwa. Wazee walishuka mabondeni kuteka, wakapanda tena na mitungi kichwani. Jeshi zima lingekunywa nini? Wakati huohuo Ujerumani ilituma puto kubwa la angani, lenye injini, lije kumletea dawa na risasi. Liliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917, likafika juu ya Sudan, kisha likaamriwa lirudi. Kama lingefika, lingeshuka huku kusini. Sijui watu wetu wangelipa jina gani.

Katika siku hizo za Novemba, jemadari aliamua jambo zito. Aliwachagua wenye nguvu tu. Wagonjwa na majeruhi, Wajerumani na askari weusi, mamia kwa mamia, aliwaacha nyuma waangukie mikononi mwa Waingereza. Kisha akaondoka na Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi kwa maelfu. Walikuwamo pia wake wa askari na watoto. Wako wanawake waliojifungua njiani, kisha wakaendelea na safari.

Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma kwa miguu hapo Ngomano, mahali ambapo mto Lugenda unaingia. Ni mbali juu ya mto, siyo huku mlangoni Msimbati. Wakaipiga ngome ya Wareno, wakaua mkuu wake, Meja Teixeira Pinto, wakachukua bunduki, risasi na chakula.

Muda wa miezi kumi walizunguka Msumbiji, wakiishi kwa kuteka. Tarehe 28 Septemba 1918 walivuka tena Ruvuma, wakapita Ungoni, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Huko wakapata habari kwamba Ujerumani imeshindwa na vita vimekwisha. Tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alisalimu amri mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala. Alibaki na Wajerumani 155 na askari 1,168.

Alirudi kwao mwaka 1919. Watu wa Berlin walijaa barabarani kumshangilia. Taifa lao lilikuwa limeshindwa, na lilihitaji mtu wa kujivunia. Mwaka 1920 alitoa vitabu viwili juu ya vita vyake. Kimoja kilikuwa cha vijana. Humo utasoma juu ya mapigano, uwindaji, safari, na askari weusi waliompenda jemadari wao. Ni hadithi inayosisimua, nakubali. Lakini kijiji kilichobaki bila mbegu hakipati nafasi yake humo, wala mpagazi aliyeachwa chini ya mti.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Nayo haikuwa siri kwa watu wake. Daktari mmoja wa jeshi lake, Ludwig Deppe, alitoa kitabu mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya vile vya mkubwa wake. Aliandika wazi kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu, vifo na njaa. Alisema kwamba hawakustahili tena kujiita waleta ustaarabu. Kama daktari aliyaona, jemadari naye aliyaona. Mmoja alikiri. Mwingine alinyamaza, naye ndiye aliyesomwa.

Njaa iliyofuata ilikuwa kubwa. Wagogo waliiita Mtunya. Kisha mwaka 1918 na 1919 homa kali ya mafua ilipita nchini, ikawakuta watu wasio na nguvu mwilini.

Maisha yake yaliyobaki tunaweza kuyapitia haraka. Mwaka 1920 alijiunga na wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali ya nchi yake, wakashindwa, naye akaondolewa jeshini. Baadaye alikuwa mbunge kwa miaka miwili. Hitler alipotaka kumpa kazi ya ubalozi Uingereza, alikataa. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita hivyo alikuwa maskini, na adui yake wa zamani, Smuts, alimpelekea chakula. Mwaka 1953 alikuja Dar es Salaam, akaonana na askari wake wa zamani, wazee kwa wazee. Hata uzeeni aliyatetea matendo ya von Trotha.

Alikufa tarehe 9 Machi 1964 mjini Hamburg, akiwa na miaka 93. Kwa miaka mingi barabara na kambi za jeshi huko Ujerumani zilikuwa na jina lake. Miaka ya karibuni baadhi zimebadilishwa majina.

Mwaka huo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wake waliokuwa hai bado. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na cheti. Mwingine alikuja na koti lake bovu la kijeshi. Basi mlipaji akampa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wale hawakukosea hata amri moja. Wakalipwa.

Mpagazi angepimwa kwa amri gani? Yeye hakufundishwa kushika bunduki. Alitwishwa mzigo tu. Na fedha zile zilikuwa za askari.