Maisha ya Daktari Michael Wood, Aliyewafuata Wagonjwa Mbali

Baada ya hesabu za fedha na majina ya wanakamati, ni desturi ya taarifa hii kutoa habari za maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia, ili sisi tulio hai tupate fundisho. Safari hii tumemchagua Daktari Michael Wood. Hakuwa mwenyeji wa Rombo, wala kazi yake kubwa haikuwa kwetu; wengi waliopata faida yake walikuwa watu wa kaskazini mwa Kenya. Lakini mlima tunaouona kila asubuhi mawingu yanapofunguka ndio mlima uleule ambao yeye alikuwa na shamba ubavuni mwake, mahali paitwapo Ol Molog, upande wa Tanganyika. Na chini ya mlima huo ndipo wazo lake lilipopata umbo.

Alizaliwa Uingereza, akasomea udaktari London, akawa mpasuaji. Mwaka 1947 alihamia Kenya pamoja na mkewe, Susan, binti wa wamisionari aliyezaliwa Kongo. Alifanya kazi Nairobi, na baadaye akajifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa Sir Archibald McIndoe, mpasuaji mwenye asili ya New Zealand aliyepata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Upasuaji wa namna hiyo humfundisha mtu gharama ya kuchelewa. Mtoto akiungua moto na asitibiwe mapema, ngozi hupona kwa kujikunja, mkono ukashikamana na kifua au vidole vikafungana, naye akabaki kilema maisha yake yote. Wood aliwapokea wagonjwa wengi waliofika mezani kwake wakiwa wamekwisha kuharibika hivyo. Akatambua kwamba ugonjwa wao ulikuwa mmoja na adui wao wawili, na adui wa pili alikuwa umbali.

Wakati huo katika Afrika Mashariki daktari mmoja alihesabiwa kwa watu 30,000, hali Uingereza daktari mmoja alihesabiwa kwa watu 1,000. Tena hao madaktari wachache walikaa mijini. Mtu wa Wajir, Mandera, Marsabit au Lodwar aliyevunjika mguu au kushindwa kujifungua alikuwa mbele ya safari ya siku nyingi juu ya ngamia au ndani ya lori, katika mchanga na mito ya msimu ambayo mvua ikinyesha haivukiki. Wengine walifia njiani. Wengi zaidi hawakuondoka nyumbani kabisa.

Mwaka 1956 Wood, McIndoe na mpasuaji wa Kimarekani, Tom Rees, walishauriana chini ya Kilimanjaro. Kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari na amfikie mgonjwa. Na kwa kuwa njia za ardhini hazifai, apite angani. Mwaka 1957 chama chao kikaanzishwa, na baadaye kikajulikana ulimwenguni kwa jina la AMREF. Wood mwenyewe alikuwa amejifunza kurusha eropleni, na mara nyingi alikuwa rubani na mpasuaji katika safari moja. Katika miaka ya 1960 simu za upepo ziliwekwa katika hospitali na misheni za mbali, hata mwuguzi aliye peke yake jangwani akaweza kuuliza shauri la daktari siku ileile. Madaktari wengine walijiunga naye, miongoni mwao Anne Spoerry, ambaye watu wa kaskazini na wa pwani ya Lamu walimwita Mama Daktari mpaka alipofariki mwaka 1999.

Mtu mwingine angaliridhika hapo. Eropleni hupendeza macho, na watu wa Ulaya na Marekani walitoa fedha kwa furaha waliposikia habari zake. Lakini kazi ile yenyewe ilionyesha kasoro yake. Eropleni huja na kuondoka. Aliyepasuliwa leo huhitaji mtu wa kumsafisha kidonda kesho na keshokutwa. Tena wengi wa waliokuwa wakifa hawakuhitaji kisu. Walikuwa watoto wa surua, wa kuhara na wa malaria, ambao chanjo, maji safi na maarifa kidogo ya mama vingaliwaokoa kabla eropleni haijawashwa.

Basi chama kikaanza kugeuza kazi yake. Magari ya matibabu yalitumwa katika njia za ardhini, na kufikia miaka ya 1970 mafunzo na vitabu kwa watumishi wa afya wa mashambani vilikuwa kazi ya mbele kabisa. Mwishoni mwa miaka hiyo, huko Kibwezi, ng'ambo ya vilima vya Chyulu, kilianzishwa kituo cha afya ambacho wanakijiji wenyewe walichagua wenzao wafundishwe kuwatunza jirani zao. Si haba kwa mpasuaji stadi kukubali kwamba mwanamke wa kijijini aliyefundishwa vizuri aweza kuokoa watu ambao yeye hatawaona kamwe.

Haifai kumsifu mtu bila kusema yote. Katika miaka ya 1950 Wood na mkewe walikuwa katika Chama cha Capricorn, kilichopinga ubaguzi wa rangi lakini kikataka kura zigawanywe kwa vipimo vya elimu na mali. Waafrika wengi walikikataa, na haki ilikuwa upande wao. Uhuru ulipokuja, Wood alibaki akatumika. Susan naye, mwaka 1975, alianzisha karakana ya shanga za udongo iitwayo Kazuri, huko Karen, akiwa na wanawake wawili tu. Ikakua ikawapa riziki wanawake wengi waliolea watoto peke yao.

Mwaka 1985 Wood aliacha uongozi wa AMREF, akapewa cheo cha Sir, na mwaka huohuo akashiriki kuanzisha FARM-Africa, chama cha kuwasaidia wakulima na wafugaji, kwani alijua kwamba mwenye njaa hatibiki kwa dawa peke yake. Alifariki mwaka 1987.

Sisi wa Rombo tunazo chemchemi na mashamba ya kumwagilia, wala hatuko mbali kama watu wa Mandera. Hata hivyo boma lililo nyikani ni mbali vilevile kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, nao ndio warithi wa kweli wa kazi ya Wood. Chama chetu hakiwezi kununua eropleni. Chaweza kumtambua kijana au mama anayeaminiwa na jirani zake, kumsaidia apate mafunzo, na kuhakikisha kwamba mkoba wake haukosi dawa wala yeye hakosi posho. Wanachama watakapoketi kuigawa fedha iliyoandikwa katika kurasa zilizotangulia, na wamkumbuke mtu huyo kwanza.