George Jean Nathan: mhakiki na marafiki zake

Wenzangu mnaoandika uhakiki wa michezo ya kuigiza hapa chuoni, tabu yetu mnaijua. Mwigizaji mkuu unalala naye chumba kimoja, mwongozaji mnakula meza moja. Ukimkosoa, salamu zinakatika. Ukimsifu, wasomaji wanasema umenunuliwa soda. Basi nawaletea habari za Mmarekani aliyeishi na tabu hiyo karibu nusu karne.

George Jean Nathan alizaliwa mwaka 1882, Fort Wayne, jimbo la Indiana. Alihitimu Cornell mwaka 1904, na akiwa pale alikuwa mmoja wa wahariri wa gazeti la wanafunzi, Cornell Daily Sun. Yaani alianzia tulipo sisi. Mwaka uliofuata alikuwa New York, gazeti la Herald. Kuanzia 1909 akawa anahakiki tamthilia katika jarida la The Smart Set, ambalo baadaye alilihariri pamoja na H. L. Mencken, mwaka 1924 wawili hao wakaanzisha The American Mercury.

Kalamu yake ilikuwa pilipili. Wakati ule mkubwa wa majukwaa ya New York alikuwa David Belasco, mtu wa mbwembwe, ambaye mwaka 1912 alijenga mgahawa kamili jukwaani ili watazamaji washangae. Walishangaa kweli. Nathan hakushangaa, alimcheka Belasco miaka na miaka, kwa sababu mapambo yalikuwa mengi na mchezo wenyewe mwepesi.

Alichokuwa akikitafuta alikiona kwa kijana Eugene O'Neill. Mwaka 1917 na 1918, O'Neill akiwa bado hajapata jina, The Smart Set ilichapa michezo yake mitatu mifupi ya mabaharia. Kuanzia hapo wakawa marafiki wa kuandikiana, kutembeleana na kunywa pamoja.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Nathan alimsifu O'Neill kuliko mwandishi yeyote wa Marekani, lakini ilipotoka Welded mwaka 1924 aliikataa. Dynamo ya 1929 aliichambua bila huruma, tena hadharani. Days Without End ya 1934 nayo haikupona. O'Neill aliumia, akajitetea kwa barua, lakini urafiki haukufa. Alipomaliza The Iceman Cometh, Nathan alikuwa miongoni mwa watu wachache waliopewa kuisoma mapema, miaka kadhaa kabla haijapanda jukwaani mwaka 1946. Mtu aliyekuumiza mara tatu bado unampa mswada wako! Nadhani O'Neill alijua kwamba sifa za Nathan zina thamani kwa sababu lawama zake nazo zilikuwa za kweli.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Mwigizaji Julie Haydon, aliyecheza kama Laura katika The Glass Menagerie mwaka 1945, alikuwa mpenzi wake wa miaka mingi, na walioana mwaka 1955, Nathan akiwa kikongwe. Kumhakiki rafiki ni jambo moja. Kukaa kitini na daftari huku mpenzi wako yuko jukwaani, jamani, hilo mimi silikubali. Angempisha mwingine aandike.

Alifariki New York mwezi Aprili 1958, baada ya kuishi miongo mingi katika hoteli ya Royalton, mtaa wa 44. Nyaraka zake zilikwenda Cornell, zikiwemo barua za O'Neill, ambazo zilichapwa kuwa kitabu mwaka 1987. Katika wosia aliacha pia fedha za tuzo ya uhakiki wa tamthilia. Washindi huchaguliwa na wakuu wa idara za Kiingereza za Cornell, Princeton na Yale, watu ambao kwa kawaida hawalali chumba kimoja na waigizaji.